Siku ya Tatu Mpe Jembe

Mwaka 2021 lebo ya Hakuna Kulala ya Kampala ilitoa albamu iitwayo Tewari. Mtayarishaji wake ni Mjapani, Shigeru Ishihara, aliyejulikana Ulaya kwa miaka mingi kama DJ Scotch Egg na ambaye kwa kazi hii alijiita Scotch Rolex. Miongoni mwa waliotia sauti ni MC Yallah, anayechana kwa Kiganda, Kijaluo, Kiswahili na Kiingereza, na Lord Spikeheart, wakati huo wa kundi la Duma la Nairobi. Kabla ya hapo Slikback, mtayarishaji wa Nairobi aliyejulikana kupitia lebo hiyohiyo, alikuwa ameshashirikiana na watayarishaji wa Shanghai, akiwemo Hyph11e, na kazi zao zikatolewa na Hakuna Kulala pamoja na SVBKVLT, lebo ya huko Shanghai. Tokyo nako kuna kikundi cha ma-DJ kiitwacho TYO GQOM, kilichojifunga na gqom, muziki uliozaliwa katika vitongoji vya Durban. Wanaoandika kuhusu kazi hizi husimulia karibu wote hadithi moja: intaneti imeifupisha dunia, vijana wa mabara mawili yasiyojuana wamekutana kwenye kompyuta, na kilichozaliwa ni sauti ambayo sikio la binadamu halijawahi kuisikia.

Hadithi hiyo inapendeza, lakini inapotosha mambo mawili. Inafanya ugeni uwe ndio sifa ya muziki, hivyo wimbo ukishazoeleka unakuwa hauna tena la kusema. Tena inatunyima kipimo, kwa kuwa kama sifa ni kukutana tu, basi kila biti iliyobandikwa mlio wa koto, kinanda cha nyuzi cha Kijapani, juu yake ni sawa na kila nyingine, na yeyote mwenye masikio anajua si sawa. Ninachokitetea katika sura hii ni kwamba sauti za Asia ya Mashariki na midundo ya Afrika zimekutana zamani, mara nyingi, na kwa njia za kawaida kabisa, na kwamba historia hiyo inatupa kipimo cha kuzipimia nyimbo za leo. Waswahili wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sauti ngeni inapopewa kazi ndani ya mdundo, yaani ikibeba pigo ambalo bila yake ngoma ingepungua, wimbo unasimama. Ikiachwa imekaa sebuleni kama mgeni wa siku ya kwanza, ikisifiwa kwa uzuri wake, wimbo unakuwa tangazo la hoteli.

Tuanze na mashine, maana muziki huu ni wa mashine. Mwaka 1967 kampuni ya Ace Tone ya Osaka, iliyoasisiwa na Ikutaro Kakehashi, ilitoa kisanduku cha midundo kilichoitwa FR-1 Rhythm Ace. Kilikuwa na vitufe vya midundo iliyokwisha kupangwa, na miongoni mwake zilikuwemo rumba, samba, mambo na bossa nova. Ukibonyeza vitufe viwili kwa pamoja, midundo miwili ilichanganyika. Mwaka 1980 Kakehashi huyohuyo, sasa akiwa na kampuni yake ya Roland, akatoa TR-808. Watu huikumbuka kwa besi yake nzito inayotikisa kifua, lakini tazama orodha ya ala zilizomo: konga tatu, za sauti ya chini, ya kati na ya juu, njuga za marakasi, vijiti vya klave, kengele ya ng'ombe, makofi. Nyingi kati ya hizi ni ala za Cuba, za muziki uliokuzwa na watu waliovushwa bahari kwa nguvu kutoka Kongo, Angola na pwani ya Magharibi ya Afrika. Mafundi wa Osaka walizijenga upya kwa saketi za umeme. Rumba yenyewe ilikuwa imesharudi nyumbani: santuri za Cuba ziliingia Léopoldville na Brazzaville tangu miaka ya 1930, zikazaa rumba ya Kongo iliyochezwa Afrika ya Mashariki nzima. Kwa hiyo kijana wa Durban au wa Mburahati, Dar es Salaam, anapofungua programu ya kompyuta na kuita sauti za 808, anaukuta urithi wa bara lake umeshapita Havana na Osaka kabla ya kumfikia.

Mtu anaweza kusema mashine ni mashine, haina kabila, na kwamba kuiita 808 sauti ya Asia ni kulazimisha mambo. Nakubali nusu. Hakuna anayeisikia 808 akawaza Japani. Lakini mashine huja na maamuzi ya aliyeitengeneza, na maamuzi hayo hutawala mkono wa mtumiaji. TR-808 ina vitufe 16 mbele yake, kila kimoja sehemu moja ya mzunguko, na mzunguko wa 16 unagawanyika kwa mbili na nne bila shida yoyote. Ngoma nyingi za Afrika hupenda 12, ambayo hugawanyika kwa tatu na kwa nne pia, na utamu wote wa chakacha, ngoma ya pwani, uko katika huo ubishi wa tatu na nne. Watayarishaji wa gqom walipokataa pigo la kawaida la klabu, lile la mguu mmoja mmoja usiokosea, na kuyapanga mapigo mazito yakimbie kwa tatutatu juu ya gridi ya 16, walikuwa wanaishurutisha mashine iseme lugha yao. Hapo ndipo kazi ya kuchanganya inapofanyika kweli, kabla hata mlio wa Kichina au wa Kijapani haujatiwa.

Ushahidi wangu mkubwa zaidi hautoki klabu. Mwaka 1912 fundi wa Nagoya, Goro Morita, alibuni ala aliyoiita taishōgoto: sanduku jembamba la mbao lenye nyuzi za chuma, na juu ya nyuzi vitufe vya duara vilivyoazimwa kwenye mashine ya kuandikia. Mkono wa kushoto hubonyeza vitufe, wa kulia hupiga nyuzi kwa kipigio. Ilikuwa ala ya bei nafuu, ya mtu asiyesoma muziki. Biashara ikaifikisha India, na kutoka huko ikavuka hadi pwani yetu, ambako Mombasa waliiita tashkota. Waliiunganisha na amplifaya na kuiingiza katika taarab ya harusini. Ukisikiliza rekodi za mwimbaji wa taarab Zuhura Swaleh, unaisikia ikifanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Inajibu mstari wa mwimbaji kama fidla ingefanya, kisha mwimbaji akinyamaza inageuka ngoma: kipigio kinakwenda chini na juu kwa kasi, chuma kinalia kikavu, na mapigo yake yanaangukia katikati ya mapigo ya ngoma za chakacha, pale pale ambapo nyonga za wachezaji zinageuka. Ukiitoa tashkota, wimbo unabaki na maneno na sauti nzuri, lakini mwendo wake unalegea.

Hapo tunalo jibu kamili la swali la leo, lililotolewa na wanamuziki wa Mombasa miongo kadhaa kabla ya mtu yeyote kuandika makala kuhusu muunganiko wa sauti. Wanamuziki hao hawakuitaka Japani. Hawakuvaa kimono jukwaani wala hawakuchora mlima Fuji kwenye majalada ya kaseti. Walitaka uzi wa chuma wenye mlio mkali unaoweza kusikika juu ya ngoma na vigelegele katika uwanja wa harusi, wakaupata katika ala iliyopitia India. Ala ilikaa, ikapewa kazi, na ugeni wake ukaisha. Wasikilizaji wengi wa taarab ya Mombasa wangeshangaa kuambiwa ilitoka Nagoya, na mshangao huo kwangu ndio cheti cha kufaulu.

Wapo wanaoeleza mambo haya kwa skeli. Wanasema Afrika na Asia ya Mashariki zinaelewana kwa kuwa zote hutumia noti tano. Kuna ukweli ndani yake. Skeli ya Ethiopia iitwayo tizita, katika sura yake ya huzuni, ina noti zilezile za hirajoshi ya Kijapani: ya kwanza, ya pili, ya tatu iliyoshushwa, ya tano, na ya sita iliyoshushwa. Nyimbo nyingi za Sudan nazo ni za noti tano, na Wagogo wa Dodoma wana noti tano zao, zinazotokana na milio ya asili ya uzi na koo. Lakini maelezo haya yanavunjika yakifika Mombasa. Taarab ya pwani imelelewa na maqamu za Kiarabu na nyimbo za filamu za Kihindi, ambazo haziishii kwenye noti tano, na bado tashkota iliingia ikaelea. Kwa upande mwingine, ziko biti nyingi za siku hizi zenye guzheng, kinanda cha nyuzi cha Kichina, ya noti tano juu ya mdundo wa Afrika, skeli zinaoana kabisa, na bado wimbo umekufa. Skeli inaruhusu sauti mbili zisigombane. Kuzifanya zifanye kazi pamoja ni jambo jingine.

Ninaloliona kuwa na uzito zaidi ni umbile la mlio wenyewe. Chukua shamisen, ala ya Kijapani yenye nyuzi tatu. Mwili wake umewambwa ngozi, na mpigaji hutumia bachi, kipigio kipana cha umbo la feni, ambacho hugonga uzi na ngozi kwa pigo moja. Kila noti kwa hiyo huzaliwa na pigo la ngoma ndani yake. Mtayarishaji anayeukata mlio huo na kuuweka katika biti hahitaji kuufundisha mdundo, maana mdundo umo tayari. Ala hiyohiyo imetengenezwa makusudi ili uzi mzito uguseguse shingo na kutoa mkwaruzo uitwao sawari, mlio ambao sikio la Kizungu lingeuita kasoro. Filimbi ya Kichina, dizi, ina tundu lililofunikwa kwa utando mwembamba unaotetemeka na kuipa sauti yake mnong'ono wa nyuki. Sasa nenda Dodoma utazame ilimba ya Wagogo, ile aliyoipiga Hukwe Zawose hadi ikasikika duniani: ubao wake wa sauti una vitundu vilivyofunikwa kwa utando wa buibui, kwa kazi ileile. Fundi wa China na fundi wa Ugogo hawakuandikiana barua. Wote wawili walitaka sauti isiyo safi, sauti yenye mchanga ndani yake. Na ninapousikia mkwaruzo wa besi iliyopitishwa kipimo hadi spika zinalia, ule unaozipa nguvu kazi za Slikback na pia singeli ya Dar es Salaam, nausikia kama ndugu wa utando ule. Kampuni ya JVC ya Japani ilirekodi na kutoa muziki wa Zawose mwishoni mwa miaka ya 1980, na sidhani ni bahati tu kwamba Wajapani waliusikia vizuri.

Umbile la mlio linaeleza pia kwa nini upatu wa Kichina umewaingia vizuri watayarishaji wa klabu kuliko vinanda vitamu vya nyuzi. Katika opera ya Beijing kuna patu mbili: mdogo, ambao mlio wake hupanda baada ya kupigwa, na mkubwa, ambao mlio wake hushuka. Pigo moja, na ndani yake tayari kuna mwendo. Linganisha na log drum ya amapiano ya Afrika Kusini, besi ile ya mgongano iliyotoka katika kifaa cha programu ya FL Studio kiitwacho Fruity DX10, cha ukoo mmoja wa utengenezaji wa sauti na DX7 ya Yamaha ya mwaka 1983. Log drum nayo hutelezeshwa, hupigwa mahali pamoja ikamalizikia pengine. Sauti mbili zinazoteleza zinaweza kuulizana na kujibizana ndani ya mzunguko mmoja. Koto iliyorekodiwa kwa utulivu, yenye mwangwi mrefu wa ukumbi, haiwezi: imeshajaza nafasi yote ambayo ngoma ilihitaji kupumulia.

Wajapani wenyewe walilijua mapema jambo hili la kuipa sauti kazi. Mwaka 1981 kundi la Mkwaju Ensemble, lenye jina la Kiswahili na mpigaji marimba Midori Takada ndani yake, lilitoa albamu mbili, Mkwaju na Ki-Motion, ya kwanza ikitayarishwa na Joe Hisaishi, ambaye baadaye dunia ilimjua kwa muziki wa filamu za katuni. Takada alikuwa amesoma kwa makini jinsi midundo ya Afrika inavyosukwa, sehemu fupi zikirudiwa, kila moja ikianzia mahali pake. Katika Mkwaju vyombo vya umeme vimepewa zamu ndani ya msuko huo kama mpigaji mwingine yeyote. Hakuna anayeonyeshwa. Miaka arobaini baadaye albamu hiyo haijachakaa, wakati kazi nyingi za miaka ya 1980 zilizotia kora ya Afrika ya Magharibi au koto kama kitoweo juu ya biti za pop zimebaki na harufu ya mwaka wake.

Pingamizi zito kuliko yote ni kwamba mgawanyo wenyewe unanuka ubaguzi. Kwa nini Afrika iwe mdundo na Asia iwe sauti? Huko si kurudia maneno ya zamani, kwamba Mwafrika ni mwili na Mwasia ni roho au mashine? Pingamizi hili ni la haki, na nyimbo nyingi zinastahili lawama hiyo. Hata mwelekeo ukigeuzwa hali ni ileile: kundi la Korea Kusini LE SSERAFIM lilipotoa Smart mwaka 2024 kwa mtindo wa afrobeats, mdundo wa Afrika ulivaliwa kama nguo ya msimu, ukapendeza, ukavuliwa. Lakini kipimo cha kazi kinauvunja mgawanyo huo, hakiujengi. Tashkota ilipokuwa ngoma, Asia ilikuwa mdundo. Katika singeli, inayokwenda mapigo 200 hadi 300 kwa dakika na kujengwa kwa vipande vya taarab vilivyoharakishwa hadi vikawa vumbi la noti, Afrika ndiyo mashine, na ni vigumu kupata muziki ulio wa kompyuta zaidi ya huo. Ndani ya Tewari sauti za watu wa Kampala na Nairobi ndizo zinazobeba hadithi, hasira na ucheshi, na Mjapani ndiye aliyekaa nyuma kwenye ngoma. Anayesikiliza kwa makini hatabaki na mwili upande mmoja na roho upande mwingine.

Pingamizi la pili linahusu wenye mali. Nyege Nyege, tamasha la Jinja, Uganda, lililoanza mwaka 2015 na kuzaa lebo kama Hakuna Kulala, liliasisiwa na Wazungu wawili, Derek Debru na Arlen Dilsizian, na kazi hizi zina wasikilizaji wengi Ulaya. Basi, wanasema wakosoaji, huu si mkutano wa Afrika na Asia, ni Ulaya inayokutana na yenyewe kupitia wengine. Siwezi kulipuuza hilo, maana anayechagua kitakachosikika ana nguvu juu ya kitakachotengenezwa. Ila nakataa hitimisho lake. Studio ya Sisso ilikuwa inafanya kazi Mburahati, na vigodoro, sherehe za mtaani, vilikuwa vinakesha Dar es Salaam, kabla mkusanyo wa singeli wa Sounds of Sisso haujatolewa na lebo ya Nyege Nyege mwaka 2017. Tashkota ilivuka bahari bila tamasha lolote la Ulaya. Na Nairobi na Shanghai, zikiwa zimeshazungumza moja kwa moja, hazihitaji tena mtu wa katikati azitafsirie, ingawa bado zinahitaji pesa na haki ya kuamua.

Pesa hiyo ndiyo mahali ambapo ningependa wanaoupenda muziki huu wapeleke hasira yao, kuliko kubishana kama kuchanganya ni dhambi. Tashkota na nyimbo zake zilisambaa kwa kaseti, nyingine zilizotolewa na maduka kama Mbwana Radio Service ya Mombasa, kisha zikanakiliwa na yeyote mwenye redio ya kaseti mbili, na nakala hizo hazikuwaletea wapigaji chochote. Kaseti hizo sasa zinageuzwa kuwa faili, na mtayarishaji wa singeli, wa Tokyo au wa Shanghai anaweza kukata sekunde mbili za kipigio kikienda juu na chini, akaziharakisha, akapata uzi wa Asia uliokwisha kujua mdundo wa pwani kuliko maktaba yoyote ya sauti za koto inayouzwa mtandaoni. Anapofanya hivyo, jina la mpigaji liandikwe kwenye jalada, na familia yake iulizwe kabla ya wimbo kutoka. Mtayarishaji wa Mburahati naye aandikwe kuwa mmiliki wa sehemu yake ya biti tangu siku faili linapotumwa Asia, kwa mkataba ulioandikwa kwa lugha anayoisoma.